Kioo cha keja: Osha madirisha bila michirizi, bila kumaliza pesa na bila kuanguka

Hebu nikuulize swali la kirafiki. Mara ya mwisho uliosha madirisha ya keja yako lini? Sisemi kupangusa kwa kiganja ili uone nani anabisha. Nasema kuosha, ndani na nje, hadi kwenye pembe.

Usijibu kwa sauti, jirani atasikia. Wengi wetu tunafagia kila siku, Jumamosi tunapiga deki, viatu tunavipanga mlangoni kama vya dukani. Lakini dirisha? Dirisha tunaliangushia pazia na maisha yanaendelea. Halafu saa sita mchana taa inawaka ndani, tokeni zinakimbia, na tunalalamika eti stima imepanda.

Nitatumia mifano ya Majengo, hapa mjini Nyeri, kwa sababu ndiko ninakokaa, na wikendi ndiko ninakoosha madirisha ya watu kwa malipo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma kupatikana, na ndoo moja na vitambaa vinne vimenilipia kodi miezi mingi tu. Lakini hata kama uko Nanyuki, Karatina, Embu au Kayole, kioo ni kioo.

Majengo na madirisha yake

Jina Majengo utalikuta katika miji mingi: Nairobi, Mombasa, Meru, Embu, Nanyuki, hata Moshi kule Tanzania. Katika miji ya bara, mitaa mingi yenye jina hili ilianza enzi za ukoloni. Waswahili, wachuuzi, wapagazi na askari waliotoka mbali walijenga nyumba za udongo na mabati, mara nyingi karibu na msikiti. Nyumba hizo zilikuwa na madirisha ya mbao. Unafungua asubuhi, unafunga jioni, hakuna kioo cha kukusumbua.

Siku hizi mtaa mmoja una madirisha ya kila aina, na kabla hujanunua hata kitambaa, angalia lako ni la aina gani.

Kuna dirisha la fremu ya chuma lenye vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa na puti, na grili imechomelewa kwa ndani. Hili ndilo la ploti nyingi za zamani. Linafunguka kwa nje, kwa hivyo mkono unapita katikati ya grili ukitafuta upande wa pili wa kioo.

Kuna la alumini la kuteleza, la ghorofa mpya. Vioo ni vikubwa, vinapendeza, lakini nusu ya kioo cha nje hukifikii kirahisi. Na kuna la luva, vile vipande virefu vinavyofunguka kama mapezi ya samaki. Hilo ni rahisi kuosha ila linataka subira, na kingo zake zinaweza kukata vidole.

Kila aina ina vifaa vyake. Ndiyo maana ule ushauri wa video za mtandaoni, wa mzungu mwenye kioo kikubwa kama ukuta wa kanisa, ukija kuujaribu kwenye vioo vya shubiri mbili unaishia kutukana.

Uchafu nao una aina zake

Watu wengi huchukua kitambaa chenye maji na kuanza kusugua. Kisha wanashangaa kwa nini kioo kimekuwa kibaya kuliko mwanzo. Shida ni kwamba hawakujua wanapigana na nini.

Vumbi. Udongo wetu wa Nyeri ni mwekundu na laini, ukikauka unapanda na kila bodaboda inayopita. Ukiutia maji kabla ya kuupangusa unapata tope. Na ndani ya hilo vumbi kuna chembe za mchanga ambazo ni ngumu kiasi cha kukwaruza kioo. Kwa hivyo vumbi huondolewa kavu, kwa brashi laini au kitambaa kikavu, bila kukandamiza.

Mafuta na masizi. Haya yanatoka jikoni: chapati, vitunguu vya kukaanga, jiko la makaa, stovu ya mafuta taa. Hushika kioo kwa ndani na kukipa rangi ya chai hafifu. Maji matupu hayayawezi. Yanataka sabuni na maji ya uvuguvugu, kwa sababu sabuni ndiyo inayoshika mafuta ikayaachanisha na kioo.

Madoa meupe. Haya ni madini yaliyobaki baada ya tone la maji kukauka. Maji ya mito inayoshuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya kwa kawaida hayana madini mengi, lakini maji ya visima virefu mara nyingi huwa nayo. Hapa sabuni haifanyi lolote. Unahitaji asidi nyepesi, yaani siki au maji ya limau, inayoyeyusha hayo madini.

Rangi na saruji. Fundi alipaka ukuta na akapaka kioo pia. Hii ni kazi ya wembe, na nitakuja kwayo.

Ukungu. Yale madoa meusi pembeni mwa fremu yanayotokea msimu wa baridi. Kuyafuta tu hakutoshi, na sababu yake ni nzito kuliko unavyodhani. Subiri kidogo.

Vifaa: nunua hiki, acha kile

Sasa tufungue pochi. Usiogope, si nyingi.

Vitambaa ndivyo vya kwanza. Unahitaji vinne: kimoja cha vumbi, kimoja cha kuoshea, kimoja cha kukaushia na kimoja cha kumalizia. Vya maikrofaiba ni vizuri sana kwa sababu nyuzi zake ni nyembamba mno na zinashika uchafu badala ya kuusukuma huku na huko. Ukiwa huna, tafuta pamba iliyofuliwa mara nyingi hadi ikalainika. Napi kuukuu za mtoto zinashinda hata vitambaa vingi vya dukani. Fulana ya zamani pia iko sawa. Usitumie leso ya poliesta, kwani hainywi maji, inayatembeza tu. Taulo mpya nayo itakuachia manyoya. Na ukivifua hivyo vitambaa, usitie kile kiowevu cha kulainisha nguo, maana kinaacha utando, na huo utando utauhamishia kwenye kioo.

Waipa ya mkono ni ya pili. Ni ile yenye mpini na ukanda wa mpira, unayoiona kwenye vituo vya petroli. Umbo tulilolizoea lina historia yake. Ettore Steccone, mhamiaji Mwitaliano aliyekuwa akiosha madirisha mjini Oakland, California, alipata hataza yake mwaka wa 1936. Kabla yake, waosha madirisha wa Marekani walitumia madude mazito ya chuma, na ili kubadilisha mpira ilibidi ufungue skrubu nyingi. Yeye akatengeneza nyepesi, yenye ukanda mmoja wa mpira ulionyooka. Karibu miaka tisini baadaye wataalamu bado wanatumia umbo lile lile.

Ukienda kununua, usitazame mpini, tazama mpira. Upitishe kidole ukingoni. Ukipata hata mwanya mdogo, rudisha, kwa sababu kila mwanya utakuchorea mstari kwenye kioo. Halafu pima kioo chako kwa shubiri kabla hujatoka nyumbani. Waipa pana haiingii kwenye vioo vidogo vya fremu ya chuma. Ikiwa vioo vyako ni vidogo sana, sahau waipa kabisa, vitambaa viwili vinatosha.

Sabuni ni ya tatu. Ya kuoshea vyombo inafaa, hata ile ya maji inayouzwa mtaani kwa kujaziwa chupa. Kosa la wengi ni kumwaga. Kijiko kimoja cha chai kwa lita kumi za maji kinatosha. Povu likiwa jingi, ndilo linalobaki kama michirizi, na utakuwa unafuta sabuni badala ya uchafu.

Siki nyeupe ni ya nne. Kwa usafi wa kawaida, changanya kikombe kimoja cha siki na vikombe vinne vya maji kwenye chupa ya kupuliza. Kwa madoa meupe sugu, nusu kwa nusu, uache dakika chache kisha ufute. Usiiache ikae kwenye fremu ya chuma iliyobanduka rangi, itaharakisha kutu. Na nikukumbushe, siki haiondoi mafuta vizuri. Ukianza na siki kwenye kioo cha jikoni utapaka mafuta kila mahali na kunuka kachumbari.

Dawa za kupuliza za dukani je? Ni nzuri, sikatai, hasa kwa kioo ambacho tayari ni kisafi kiasi. Lakini kwa dirisha lililokaa mwaka mzima, utamaliza chupa nzima kufanya kazi ya kijiko kimoja cha sabuni.

Ongeza mswaki mkuukuu kwa ajili ya pembe, na ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya maji safi. Kama una tangi au ndoo chini ya mabati, tumia maji ya mvua, kwa maana hayana madini. Ila usiyachukue yale ya dakika za kwanza, hayo yamebeba vumbi na uchafu wa ndege kutoka kwenye paa.

Vya kuacha: waya wa kusugulia sufuria, mchanga, na sabuni ya unga inayokwaruza. Majivu yalisugua sufuria za nyanya zetu zikang'aa, na ni kweli yanakata mafuta, lakini yakiwa na vipande vya makaa yatachora kioo, na mchoro wa kioo haufutiki.

Jambo moja la mauti. Usichanganye dawa ya kuulia viini aina ya Jik na siki, wala na dawa yoyote ya vioo yenye amonia. Ukichanganya na siki, unatengeneza gesi ya klorini ndani ya chumba chako. Ukichanganya na amonia, unapata gesi nyingine ya sumu. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, huna mahali pa kukimbilia ila mlangoni.

Hatua kwa hatua

Chagua saa. Jua kali likipiga kioo, maji yanakauka kabla hujafuta na yanakuachia ramani. Siku ya mawingu ni bora. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mawingu hatukosi, kwa hivyo hapo huna kisingizio.

Moja, toa pazia na usogeze kitanda. Najua, kitanda kimeegemea dirisha, chumba ni kidogo. Tandaza gunia au nguo kuukuu chini.

Mbili, pangusa vumbi kavu kwenye fremu, grili, kingo na kioo, ukitoka juu kwenda chini.

Tatu, osha fremu na grili kabla ya kioo. Ukianza na kioo, tope la fremu litakimwagikia na utarudia. Kwenye dirisha la alumini, safisha reli kwa mswaki na utafute vitundu vidogo upande wa nje chini yake. Hivyo viliwekwa ili maji ya mvua yatoke. Vikiziba, maji yanarudi ndani, na ndipo unamlaumu mwenye ploti kwamba ukuta unavuja.

Nne, osha kioo kwa maji ya sabuni ya uvuguvugu, tena kutoka juu. Kama fremu ni ya zamani na puti imepasuka, usikandamize. Shika kwa upole, maana kioo kinaweza kuchomoka kikatua kwa jirani.

Tano, kausha. Kwa waipa: kwanza kausha kwa kitambaa ukanda mwembamba juu kabisa ya kioo, ili mpira uanzie mahali pakavu. Inamisha waipa kidogo, ivute moja kwa moja bila kusimama katikati, kisha futa mpira kwa kitambaa. Mvuto unaofuata upande juu ya ule wa kwanza kiasi cha vidole viwili. Kila mvuto, futa mpira. Hapo ndipo siri yote ilipo, na ndipo watu wanapofanya uvivu.

Sita, maliza pembe na kingo kwa kitambaa kikavu.

Saba, na hii niilinde kama mapishi ya mama: upande wa ndani maliza kwa kufuta kwenda kando, upande wa nje maliza kwa kufuta kwenda chini. Ukiona mchirizi baadaye, mwelekeo wake utakuambia uko upande gani. Hakuna tena kukimbia ndani na nje kama mtu aliyepoteza simu.

Kwa upande wa nje wa dirisha lenye grili, funga sponji kwenye mpini wa fagio, fungua bawa la dirisha na ufikie kioo kutoka pembeni. Ukiwa chini, ni rahisi zaidi kutoka nje ukaosha ukiwa umesimama ardhini.

Madoa ya rangi: lowesha kioo kwa maji ya sabuni, weka wembe mpya karibu ulale kwenye kioo, sukuma mbele tu, usirudi nyuma, na usiache kioo kikauke. Shika wembe kwa kishikio, si kwa vidole. Usifanye hivyo kwenye kioo kilichobandikwa karatasi ya giza, utaichana. Na kama kioo ni kile kigumu kinachovunjika vipande vidogo kama vya gari, achana na wembe, unaweza kukichora.

Gazeti: kweli ama ni hadithi za wazee?

Ni kweli, kwa kiasi. Karatasi ya gazeti haiachi manyoya na inanywa maji vizuri, kwa hivyo ni nzuri kwa kumalizia. Lakini wino unaweza kuhamia kwenye vidole vyako na kwenye fremu nyeupe. Karatasi za kung'aa za majarida hazifai kabisa, hazinywi maji. Kwa vyovyote, wewe unatusoma kwa simu, na simu haifuti dirisha. Muombe mwenye kibanda nakala za juzi.

Jasho la dirisha na jiko la makaa

Sasa turudi kwenye ukungu. Kuanzia Juni hadi Agosti, msimu ambao kwetu unaitwa gathano, utaamka ukute kioo kinatiririka maji kwa ndani. Hakuna aliyemwaga. Hewa ya chumbani ina mvuke wa pumzi zako, wa githeri iliyochemka saa tatu, wa nguo ulizoanika kwenye kamba juu ya kitanda. Hewa hiyo ikigusa kioo kilichopoa usiku, mvuke unageuka maji. Maji yanashuka kwenye fremu, yanakaa, na ukungu unapata makao.

Kila asubuhi pitisha waipa, kausha fremu, kisha fungua dirisha angalau dakika kumi hata kama baridi inauma. Anika nguo nje kukiwa na jua. Ukungu ukishaingia, usugue kwa maji ya sabuni, ukaushe, na uvae glavu.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi la kukuambia kuhusu madirisha ya msimu wa baridi. Watu hapa huingiza jiko la makaa chumbani ili lipashe joto, halafu wanafunga dirisha, wanaziba hata ule mwanya wa chini ya mlango kwa nguo. Jiko hilo hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Makaa yakiwa mekundu bila moshi hata chembe, bado yanaitoa. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kwanza kichwa kinauma, unahisi kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi. Huo usingizi ndio wengine hawaamki. Habari za familia zilizokutwa asubuhi hivyo umezisoma, na utazisoma tena baridi ikirudi.

Kwa hivyo ukiosha kioo ukakuta kitambaa kimekuwa cheusi kwa upande wa ndani, usifurahie tu kwamba umekisafisha. Jiulize hayo masizi yalipita wapi kabla ya kutua kwenye kioo. Yalipita mapuani mwako. Pikia nje au mlangoni, fungua dirisha unapopika, na jiko lisilale nawe chumba kimoja. Ukihisi kichwa kinauma na jiko linawaka, toka nje kwanza, wahi hospitali, mengine baadaye. Ukihitaji joto la usiku, ongeza blanketi au tia maji moto kwenye chupa ya mpira.

Ghorofani: hakuna kioo chenye thamani ya mtu

Umeona picha hii mtaani: binti amesimama kwenye ukingo wa dirisha la ghorofa ya tatu, mkono mmoja umeshika fremu, mwingine unafuta. Chini ni saruji.

Singapore walilazimika kuweka sheria juu ya jambo hili. Mwaka wa 2012, baada ya wafanyakazi kadhaa wa nyumbani kuanguka wakiosha madirisha na kufa, serikali ilisema mfanyakazi haruhusiwi kuosha nje ya dirisha la juu isipokuwa grili imewekwa na imefungwa, na mwajiri au mtu mzima mwingine yuko pale akisimamia. Kama unafikiria kwenda Ghuba au ng'ambo kufanya kazi za nyumbani, kama vijana wengi wa hapa wanavyofikiria, kumbuka hilo. Una haki ya kusema hapana kwa dirisha.

Na hapa nyumbani, kama umemuita mama fua, usimwambie "na hayo madirisha ya nje pia" kana kwamba ni kijiko cha mwisho kwenye karai. Hana mkanda, hana bima, na nyumbani kuna watoto wanaomngoja.

Kanuni yangu ni hii. Miguu yote miwili iko sakafuni ndani ya chumba. Sipandi ukingo, sipandi kiti kilichowekwa karibu na dirisha lililo wazi. Ninachoweza kufikia kwa mpini nitakiosha. Nisichofikia, nakiacha. Kwa vioo vya kuteleza kuna kifaa cha sumaku chenye pande mbili, kimoja ndani, kingine nje, unachovuta kutoka ndani. Ukikinunua, soma unene wa kioo kinachofaa, kwa sababu sumaku dhaifu itaachia. Na ufunge ile kamba yake kwenye kitu imara kabla hujaanza, ili kipande cha nje kisimwangukie mtu kichwani. Baadhi ya vioo vya kuteleza vinaweza kunyanyuliwa vikatolewa kwenye reli, lakini ni vizito. Mkiwa wawili, na msimamizi wa ploti akikubali, sawa. Ukiwa peke yako, hapana.

Kabla ya kuhama, na kama unataka kazi

Madirisha pia ni pesa. Siku ya kuhama, msimamizi anapita na macho ya tai. Doa la rangi, kioo kilichopasuka, gundi ya stika za timu yako, vyote vinakatwa kwenye amana yako. Piga picha za madirisha siku unayoingia, zikiwa na tarehe, umtumie. Ile gundi ya stika ilainishe kwa maji moto ya sabuni au mafuta kidogo ya kupikia, isugue kwa kidole, kisha uoshe mafuta kwa sabuni.

Na wewe ambaye uko nyumbani ukingoja barua isiyokuja, hii ni kazi. Mtaji ni ndoo, vitambaa na waipa moja nzuri. Usitoze "kwa nyumba", hesabu vioo, na kila kioo kina pande mbili. Kubaliana bei kabla ya kulowesha chochote. Zunguka na mwenye nyumba kwanza mkaone pamoja mikwaruzo na nyufa zilizokuwepo, la sivyo utalipishwa za mwaka wa 2015. Anza na maduka ya chini ya ghorofa, vinyozi, saluni na wauza simu. Wao huhitaji kioo kisafi kila wiki, na wewe utakuwa umesimama ardhini.

Ukianza leo, usianze na nyumba nzima. Chukua kioo kimoja, ndani na nje, uone tofauti na kile cha jirani yake. Hivyo vingine vitakusumbua macho hadi uvimalize. Na ukimaliza, usikimbilie kulifunga. Liache dirisha wazi kidogo, hewa iingie.